Kumpeleka Mama Mkwe Kaikor

Kwa miaka arobaini na mmoja sikuwa nimeutazama uso wa mama mkwe wangu. Nilijua sauti yake, mgongo wake, na kikohozi kidogo alichokitoa kila alipokaribia boma letu, ili nipate nafasi ya kuondoka. Kwetu Bungoma mwanamume na mama wa mke wake hawapeani mkono, hawali chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja huingia shambani hadi mwenzake apite. Mimi ni mtu wa kanisa tangu ujana wangu. Nimefundisha dini vijijini na shuleni, na sijaona mahali ambapo heshima hiyo ilimkosea Mungu. Mama alipokuja kututembelea Kitale, nilikula ghalani kati ya magunia ya mahindi, na nilikula kwa furaha.

Mwaka juzi daktari alimpima macho akasema ana presha ya macho, nayo imekwenda mbali. Kuona kwake kulikuwa kunafungwa kutoka pembeni kuja katikati. Akapewa dawa ya matone, tone moja kila jicho, asubuhi na jioni, bila kukosa, na akaambiwa kwamba dawa itachelewesha giza lakini haitalizuia. Mama alirudi nyumbani kwake Malakisi, akakaa wiki nzima bila kusema neno kuhusu jambo hilo. Kisha akampigia mke wangu simu.

"Kabla hayajafunga," alimwambia, "nataka kuona mahali mtoto wangu amelala."

Mtoto huyo alikuwa kitinda mimba wake, fundi wa visima. Alikufa kwa homa huko Kaikor, kaskazini kabisa ya Turkana, karibu na pale ambapo nchi yetu inapakana na Ethiopia na Sudan Kusini. Ulikuwa msimu wa mvua, barabara zilikuwa zimekatika, na katika joto lile mwili haungeweza kungoja. Miaka hiyo mimi nilikuwa nafundisha dini upande ule, mwendo wa siku moja kutoka kisima alichokuwa akichimba. Hakukuwa na ndugu mwingine karibu. Nilimzika mimi. Kwetu, mtu kuzikwa mbali na boma la baba yake ni kidonda kisichopona upesi, na mama aliishi nacho bila kuniuliza swali hata moja, kwa kuwa desturi haikumpa njia ya kuniuliza.

Kwa hiyo ni mimi tu niliyejua kaburi lilipo. Mke wangu alikuwa ametoka kupasuliwa nyonga na alitembea kwa magongo mawili. Tukakubaliana kwamba binti yetu mdogo, anayesoma chuo kikuu cha Kibabii, atasafiri nasi. Yeye angekaa katikati yetu, angepeleka maneno yangu kwa bibi yake na ya bibi kwangu, na angemtia matone. Usafiri tuliupata kwa mzee mmoja Singasinga mwenye duka la mabomba hapa Kitale. Lori lake lilikuwa linapeleka mabomba ya kisima Kaikor, na marehemu alikuwa mteja wake.

"Yule kijana," aliniambia yule mzee, "alikuwa napima kila bomba kabla ya kupakia. Kila moja! Mimi nakasirika, yeye nacheka. Nyinyi mtaenda na lori yangu."

Asubuhi ya safari, tukiwa tayari kwenye ua wa duka la mabomba, binti yetu akapiga simu kutoka Kibabii. Mtihani wake ulikuwa umeletwa mbele, uanze kesho yake. Mke wangu akaegemea magongo yake akaanza kulia.

"Basi tuahirishe," akasema. "Mtaenda mwezi ujao."

Kutoka upande wa pili wa lori, ambako sikuweza kumwona, mama mkwe akasema kwa sauti kama anayeongea na magurudumu, "Haya macho ndiyo hayataahirisha. Nifungulieni mlango nipande."

Akapanda mbele. Mimi nikazunguka nyuma nikaanza kupanda juu ya mabomba. Mzee Singasinga, aliyekuwa amekuja kukagua kamba, akanishika mguu.

"Mzee, wewe naumwa kichwa? Mbele iko siti tatu. Nyuma iko bomba tupu!"

"Bwana, mbele yuko mama mkwe wangu."

Alinitazama, akapapasa ndevu zake, akatazama mlango wa mbele, akanielewa. Alituma godoro liletwe kutoka dukani.

Hadi Makutano nilimshukuru Mungu kwa godoro lile na kwa baridi ya asubuhi. Mashamba ya mahindi yalibaki nyuma, milima ikatubana, tukashuka lile bonde la Marich kwa kona zake, na pale chini tukaingia hewa nyingine kabisa, kama mtu aliyefungua mlango wa tanuri. Nilikuwa nimeishi kwenye joto hilo miaka kumi na mmoja. Nilisahau kwamba wakati ule nilikuwa kijana, na kwamba sikuwa nikilala juu ya vyuma. Baada ya Kainuk mabomba yalianza kuchoma kupitia godoro. Nilijifunika turubai, nikaimba kimoyomoyo, nikanywa maji yangu yote. Tulipofika Lokichar, dereva alipanda kuniangalia akanikuta nikimwambia kitu ambacho hadi leo hakuna anayejua kilikuwa nini.

Dereva alikuwa Mturkana wa Lodwar, mtu wa makamo, mwenye maneno mengi na moyo mzuri. Alinimwagia maji kichwani na shingoni, akanilaza kivulini chini ya lori, kisha nikamsikia akienda mbele.

"Mama," alisema, "si huyu mkwe wako anakufa huko nyuma kwa sababu ya heshima yako."

Nikasikia mlango wa mbele ukifunguliwa.

"Mlete ndani," mama akasema. "Kuna waya? Lete waya."

Alivua leso aliyojitanda mabegani, ya kijani yenye maua mekundu, na dereva akaitundika kutoka darini hadi nyuma ya siti, kama pazia. Mama akakaa karibu na dereva, mimi karibu na dirisha, leso kati yetu. Dereva alipowasha gari alitikisa kichwa.

"Nimebeba mbuzi. Nimebeba maiti. Nimebeba mwalimu mkuu na bibi zake wawili wakigombana. Lakini pazia, bana, hii ndiyo mara ya kwanza."

Ndivyo tulivyokwenda. Maneno yetu yote yalipitia kwake.

"Mwambie baba anywe maji."

"Mzee, kunywa maji."

"Mwambie mama nimekunywa."

"Amekunywa, Mama. Hata shati yake imekunywa."

Nilimsikia mama akicheka nyuma ya leso. Katika miaka arobaini na mmoja sikuwa nimewahi kumsikia akicheka karibu hivyo.

Kazi ya matone pia ilikuwa ya dereva. Asubuhi na jioni alisimamisha lori, mimi nikashuka na kutazama upande mwingine, naye akasema, "Mama, angalia juu kwa Mungu," na mama akajibu, "Naangalia, harakisha." Ilikuwa chupa moja tu. Ya pili, ambayo binti yetu alikuwa ameinunua, ilibaki kwenye begi lake huko Kibabii, na tulikumbuka hilo tukiwa tumeshapita Lodwar.

Baada ya Lodwar tuliiacha lami. Sijui jinsi ya kumweleza mtu wa Kitale nchi ile. Ni mawe meusi yaliyotandazwa hadi mwisho wa macho, kana kwamba yamepangwa kwa mkono. Upepo hausimami. Ngamia wanatokea mbali wakiwa wanaelea, miguu haionekani, kisha ukikaribia miguu inarudi chini yao. Unaweza kwenda nusu ya siku bila kuona moshi wa nyumba, halafu mtu mmoja anasimama kando ya njia na fimbo na kigoda chake, hana mzigo, hana haraka, anakuinulia mkono. Katika nchi ile nilijifunza kuomba kwa maneno machache. Kila mara nikipita nahisi nimerudi shule.

Dereva alimsimulia mama yote aliyoyaona, kwa kuwa kuona kwa mama kulikuwa kumebaki kama tundu.

"Kushoto kuna ngamia, Mama. Sita. Mmoja ana mtoto."

"Nimemwona mmoja," mama alisema. "Wengine nitakuamini."

Tulipita Lokitaung. Kule milimani upande wa Ethiopia mawingu yalikuwa yamekaa tangu asubuhi. Katika nchi ile hunyeshewi mvua, lakini mvua ya mbali inakufuata kupitia laga, ile mito ya mchanga ambayo hukaa mikavu miezi mingi halafu hujaa kwa dakika chache. Ya kwanza tuliivuka salama. Ya pili tuliikuta ikitiririka maji ya rangi ya chai ya maziwa. Tukangoja hadi yapungue, dereva akaingia, na tulipokaribia kabisa ukingo wa pili magurudumu ya nyuma yakazama hadi kwenye ekseli. Magurudumu ya mbele yalikuwa juu kwenye ardhi ngumu, kwa hiyo hatukuwa kwenye hatari ya kubebwa. Lakini hatukuweza kwenda popote.

Dereva alichimba kwa saa nzima na bamba la chuma. Kisha akajifuta jasho.

"Nitaenda Kaikor kwa miguu nilete watu na sururu. Nitarudi kesho asubuhi. Maji yako mitungi mitatu, chakula kiko. Hapa ni salama, ni watu wangu." Alitutazama, mimi upande huu wa lori, mama upande ule. "Sasa nani atawasemea?"

Akachukua mtungi mmoja wa plastiki, wa njano, akauweka kwenye kivuli cha lori, katikati ya gurudumu la mbele na lile la nyuma lililozama.

"Huyu ndiye mkalimani. Ongeeni na yeye." Akaenda zake akicheka, na kicheko chake kilisikika muda mrefu, maana kule hakuna kitu cha kuzuia sauti.

Nilikaa nimeegemea ukingo upande wa gurudumu la nyuma, mama akakaa upande wa gurudumu la mbele, kila mmoja akitazama kwake. Saa moja ikapita. Nilisikia mchanga ukitembea kwa upepo.

"Wewe mtungi," mama akasema mwishowe. "Muulize huyo baba kama amekula."

Nikakohoa. "Mtungi, mwambie mama nimekula biskuti."

"Mwambie biskuti si chakula. Kuna ndizi kwenye kikapu."

Ndizi ikateleza juu ya mchanga ikaja kusimama kando ya mtungi. Niliila. Ganda nikalifukia mchangani. Kisha sauti yake ikabadilika.

"Mtungi. Muulize nani alimwosha mtoto wangu."

Nilikuwa nimelingoja swali hilo miaka mingi hata nikadhani limenipita.

"Mwambie mama ni mimi. Mimi, na wanawake wawili wa hapo kisimani walioteka maji. Yalikuwa maji ya kisima chake mwenyewe. Kilikuwa kimetoa maji wiki hiyo hiyo."

"Muulize kama alisema kitu."

"Mwambie mama sikumkuta hai. Nilifika siku moja nimechelewa. Waliokuwa naye walisema aliomba maji, akanywa, akasema ni baridi. Hakusema tena."

Upepo ulipiga. Kisha akasema, "Mwambie asante."

Jua lilipoanza kushuka, ikawa saa ya matone. Nilimsikia akifungua kifuniko, nikasikia pumzi aliyoizuia, kisha "ah!" ndogo. Akajaribu tena. Mkono wake wa uzee ulikuwa unatetemeka na jicho lake halikuiona ncha ya chupa. Akajaribu mara ya tatu. Nilijua, bila kutazama, kwamba tone limeanguka shavuni, na kwamba chupa ile haikuwa na matone ya kupoteza. Daktari alikuwa amesema wazi: mkikosa, presha inapanda, na kinachoondoka hakirudi. Tulikuwa tumebakiza saa moja tu ya barabara kufika kaburini.

"Mtungi," mama akasema polepole, "wewe kumbe huna mikono."

Nilijua ananiambia nini. Sikuinuka mara moja. Niliomba kwanza. Sikuogopa laana, kwa maana sikumfundisha mtu yeyote kuziogopa. Niliogopa kuharibu kitu ambacho yeye na mimi tulikitunza kwa uangalifu miaka arobaini na mmoja, kila mtu kwa kukwepa kwake, hadi kikawa ndiyo namna yetu ya kupendana. Kisha nikafikiri kwamba heshima iliwekwa kwa ajili ya mtu huyu. Nikainuka. Niliuzunguka mtungi, nikapiga magoti mchangani mbele yake, nikachukua chupa kutoka mkononi mwake.

"Mama," nikasema, "angalia juu."

"Naangalia."

Nikautazama uso wake. Ulikuwa mdogo kuliko sauti yake. Macho yalikuwa ya mke wangu, yaleyale, kope ndefu na lile baka dogo la kahawia kwenye weupe wa jicho la kushoto ambalo nilidhani Mungu amempa mke wangu peke yake. Nikatia tone la kulia. Nikatia la kushoto. Nikangoja huku nimeshika chupa kama mtoto wa shule aliyemaliza hesabu ubaoni. Alifumba macho kama alivyofundishwa, kisha akayafungua akanielekezea lile tundu lake la kuonea, akanitazama vizuri.

"Kumbe umezeeka," akasema.

"Nimezeeka, mama."

"Mimi nilikuwa nafikiri bado ni yule kijana mwembamba wa suruali ya kaki."

Nikarudi upande wangu, naye akajitanda leso yake. Mtungi ulibaki mahali pake hadi asubuhi.

Dereva alifika na wanaume wanane na sururu, wakatuvuta kwa nyimbo. Pazia likatundikwa tena bila mtu kuagiza. Tuliingia Kaikor mchana, jua likiwa juu ya vichwa. Wakati watu wakishusha mabomba, nilikwenda peke yangu kulitafuta kaburi. Lilikuwapo. Watu wa kisima walikuwa wamelizungushia uzio wa miiba ili mbuzi wasilikanyage, na miiba ilikuwa mibichi. Mtu aliibadilisha si zamani. Msalaba nilioutengeneza siku ile kwa vipande vya bomba bado ulisimama.

Nikamwita dereva amlete mama. Alisimama mbele ya uzio, mkono juu ya paji la uso, akageuza kichwa huku na huku.

"Naona nyeupe," akasema. "Nyeupe tu."

Mwanga ule wa mchana ulikuwa umeyafunika macho yake. Hapo ndipo dereva aliponivuta kando.

"Mzee, angalia milima. Laga itajaa tena leo. Tusipovuka mapema tutakaa hapa wiki."

Wiki moja, na chupa ile ilikuwa na matone ya siku mbili. Kuondoka ilikuwa busara. Lakini kuondoka bila yeye kuona kulikuwa kumleta mama huyu njia yote hii aone nyeupe. Nilimwomba dereva angoje hadi saa kumi na moja jioni. Akahesabu kwa vidole, akatazama mawingu, akamtazama mama aliyekuwa bado amesimama palepale.

"Kumi na moja," akasema. "Na dakika moja sitaongeza."

Tukaketi kwenye kivuli cha kisima. Mama alifumba macho akayapumzisha. Mwanamke mmoja wa pale alimletea maji kwenye kibuyu, mama akanywa, akasema, "Ni baridi," kisha akakaa na kibuyu mapajani muda mrefu.

Jua lilipoinama na mawe kuanza kuwa na vivuli, nikampa ncha moja ya fimbo yangu, nikashika nyingine, tukaenda. Nilifungua uzio. Akasogea hadi karibu sana, akageuza kichwa kidogo kidogo kama mtu anayechungulia kwenye ufa wa mlango.

"Naona miiba," akasema. "Naona mawe. Moja ni jeupe. Hiki ni chuma?"

"Ni bomba la kisima chake, mama."

"Umelikata vibaya."

"Sikuwa na msumeno mzuri."

"Limepinda. Sawa. Limesimama." Akaguna kidogo. "Sasa nigeuze nione anachokiona yeye."

Nikamgeuza kwa fimbo. Akaona kisima, mbuzi, wanawake wakisukuma mpini wa pampu kwa zamu. Siku hizi macho yake yamefunga kabisa, na wageni wakimtembelea Malakisi huwapa yote hayo kwa mpangilio huohuo, miiba, mawe, lile jeupe, bomba lililokatwa na mkwe asiyejua kukata, na hachoki.

Akapiga magoti. Akavua leso ya kijani, akaitandaza, akachota udongo kwa mikono miwili hadi akatosheka, akafunga fundo mara mbili. Niliomba kwa maneno machache. Dereva akapiga honi.

Tulipofika kwenye lori, dereva alinyoosha mkono kuchukua leso ili atundike pazia, akakuta imekuwa furushi. Akatutazama. Mama alipanda, akakaa mahali pake, akaliweka furushi juu ya siti, kati yake na mimi, akaegemeza mkono juu yake kama mtu anavyomshika mtoto aliyelala. Mimi nikakaa karibu na dirisha. Laga tuliivuka maji yakigusa ekseli, na nchi ile ya mawe meusi ikaanza kuwa nyekundu kwa jua la jioni.

"Mkwe," mama akasema, bila kumtuma mtu. "Ni saa ya matone."